Kila Mtu Pigo Moja

Inspekta Cheruto alipofika kwenye uwanja wa viazi, Kipkemoi alikuwa ameshakufa, lakini watu walikuwa bado wanampiga.

Mama mmoja aliyejifunga leso juu ya sweta mbili alimtia maiti teke la mbavu. Kiatu kikamtoka, akakifuata akirukaruka kwa mguu mmoja, akakivaa, akarudi kuongeza lingine. Mzee wa kofia ya sufu alikuwa ameinua tofali juu ya kichwa ambacho tayari kilikuwa kimebonyea. "Choma huyo!" walipiga kelele. "Leteni petroli!" Ungewauliza ameiba nini, hakuna hata mmoja ambaye angekujibu. Wamesikia mwizi, wamekuja. Basi.

"Chesang," Cheruto alisema, "piga juu."

Konstebo Chesang alifyatua risasi moja kwenye ukungu. Weh! Watu walitimka, wengine getini, wengine juu ya ukuta, na yule mama safari hii akakiacha kiatu.

Uwanja ulikuwa wa kawaida tu, kama vingine vingi vya Molo: ukuta wa mawe, geti la mbao lenye komeo la chuma, magunia yamepangwa hadi juu, na lori la marehemu limeegeshwa kwenye mteremko. Maiti ilikuwa imelala karibu kabisa na geti. Na juu ya magunia waliketi wanaume wanne. Risasi imelia, soko zima limekimbia, wao wameketi tu na magunia matupu mabegani. Cheruto hakulipenda jambo hilo hata kidogo.

"Nyinyi ni nani?"

"Wapakiaji, afande." Aliyejibu alikuwa mtu wa makamo, shingo nene, sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha. "Mimi ni Waithaka, kiongozi wa kikundi. Huyu Kosgei, huyu Gathogo, na huyu mdogo ni Elphas."

"Mmeona nini?"

"Huyu dereva tumemshika anaiba turubai. Kupiga nduru tu, watu wakajaa. Wananchi wakikasirika, afande, utawashika na nini?"

"Nani alimpiga?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu tu, madam. Umati. Ata siwezi kukuambia ni huyu ama ni yule."

Cheruto alichuchumaa kando ya maiti. Alikuwa ameshaziona maiti za umati, huko Njoro na Gilgil, mpaka akazichoka. Mtu aliyeuawa na umati huwa hana mahali pazima: mawe, fimbo, panga, kila mtu na chake. Huyu alikuwa na kichwa kilichopasuka kisogoni hadi mfupa ukaonekana, na damu ya hapo ilikuwa imeganda, nyeusi, imeshikana na udongo. Yale mateke ya mbavuni hayakuwa yametoa hata tone. Walikuwa wakimpiga mtu aliyekwisha kwenda zamani.

Kisha akaona vidole. Kucha za mkono wa kulia zilikuwa zimeng'oka.

Aliinuka, akaliendea geti. Kwa ndani, karibu na komeo, mbao zilikuwa na michirizi ya damu. Ukucha mmoja ulikuwa umebaki umenasa ubaoni.

"Madam, hawa si ni wananchi wenye hasira?" Chesang alisema akijipulizia viganja. "Tuandike hivyo tutoke hii baridi."

"Umati ukikuvamia kutoka nje, utakimbilia wapi?"

"Mbali na geti."

"Huyu alikimbilia getini. Akalikwaruza mpaka kucha zikatoka. Geti lilikuwa limefungwa, Chesang. Hao wananchi wako walikuwa hawajaingia."

Chesang alitazama ule ukucha, na habari ya baridi ikaisha hapo.

Mkuu wa kituo hakufurahi. "Umati haushtakiwi, Cheruto," alimwambia. "Utaipeleka Molo nzima kortini? Itakosa viti."

"Nitawapeleka waliofunga geti, bwana."

Aliyeanza kusema alikuwa Mama Mitchelle, muuza chai wa mkabala na geti. Alisema hajaona kitu.

"Sijakuuliza umeona nini," Cheruto alisema. "Umesikia nini?"

Mama Mitchelle alimimina chai hadi kikombe kikafurika, asione.

"Geti lilikuwa limefungwa," alisema mwishowe. "Na si kawaida. Hawa vijana hunywa chai yangu kabla ya kugusa gunia. Leo hakuna aliyekuja. Nikasikia mtu anagonga kwa ndani. Anagonga, anagonga! Anasema, 'Waithaka, nifungulie! Sitasema! Haki ya Mungu sitasema!'"

"Hatasema nini?"

"Sijui, mrembo wangu. Halafu nikasikia kitu kama mtu anapasua malenge. Kukanyamaza. Tena kikapasuka. Kukanyamaza. Halafu kingine, kidogo tu." Alijifuta macho kwa ncha ya leso. "Baada ya hiyo yote ndio nikasikia Waithaka anapiga nduru ya mwizi. Ndio geti likafunguliwa. Na mimi nimesimama hapa na birika mkononi kama mjinga. Ningefanya nini?"

Cheruto alikivuta kikombe chake. "Walikuwa na ubaya gani na huyu dereva?"

"Kwani hujui? Huyu ndiye alimponda Njuguna na lori, mdogo wake Waithaka, hapo hapo ndani. Ilikuwa kabla ya Pasaka. Polisi wakaandika ajali. Tangu siku hiyo, kikundi kilikataa kumpakilia."

Kisasi, basi. Cheruto alikunywa chai yake akiwaza. Kisasi anakijua. Lakini mtu anayeuawa kwa kisasi hulia kwamba hakukusudia, huomba msamaha. Haahidi kunyamaza.

Mochari ya Nakuru ilikuwa na harufu ya dawa iliyomfanya Chesang abaki mlangoni. Daktari wa upasuaji wa maiti alikigeuza kichwa cha Kipkemoi polepole chini ya taa.

"Mapigo matatu," alisema. "Chuma kimoja, cha mviringo. Mtaimbo, nadhani. Lakini mkono si mmoja. Hili la kwanza limetoka kushoto, kwa mtu mrefu mwenye nguvu, na marehemu alikuwa amesimama. La pili limetoka kulia, ameshaanguka. Limeingiza mfupa ndani ya ubongo."

"Na la tatu?"

"La tatu ni la mtu asiyetaka. Limechana ngozi tu."

"Lililomuua ni lipi?"

"La kwanza lingetosha. La pili pia lingetosha." Daktari alivua glavu. "Pole, Inspekta. Ukitaka muuaji mmoja, mimi siwezi kukupa."

Nje, kwenye benchi, Tabby, mke wa Kipkemoi, alikuwa anamngoja. Alikuwa na mimba kubwa, na alikuwa amekuja peke yake kutoka mtaa wa Bondeni, akiwa amepakata suruali na koti la mumewe lililopigwa pasi.

"Ni wewe unaichunguza?" aliuliza. "Basi niambie nimzike wapi. Baba yake yuko Olenguruone. Nimempigia, amesema mwizi hatazikwa kwake. Amewakataza hata vijana wasichimbe. Mume wangu hajawahi kuchukua hata kiazi kimoja cha mtu, afande. Mtoto wangu atazaliwa aitwe mtoto wa mwizi?"

"Alikuambia chochote siku hizi za mwisho?"

"Alikuwa halali. Huko Molo waliniita mke wa muuaji, mimi nikalia, na yeye akaona. Akasema imetosha. Akasema Jumamosi ataenda kwa mama yake Njuguna, kuna kitu lazima amwambie."

"Kitu gani?"

"Alikataa kuniambia. Alisema mama ndiye wa kwanza kuambiwa."

Cheruto alimshika bega. Angetaka kumwahidi, lakini alijizuia. Ahadi za polisi zina tabia mbaya ya kurudi kumtafuta mwenyewe.

"Usimzike mahali popote kwanza," alisema. "Nipe siku kidogo."

Alirudi Molo, akasimama uwanjani mchana kutwa bila kuuliza swali. Kazi ilikuwa inaendelea, maana viazi havingoji matanga. Wanaume wale wanne walikuwa wanapakia lori jingine, nyuma ya gurudumu lake kuna jiwe kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Kosgei, mrefu kama mlingoti, alikuwa akikamata gunia kwa mkono wa kushoto. Gathogo alimfuata. Elphas, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinajaribu, alikuwa wa mwisho. Waithaka hakubeba. Alisimama akihesabu kwa kichwa, mikono ya shati imeshushwa hadi viganjani ingawa wenzake walikuwa wanatoka jasho.

Gunia likamponyoka Elphas kutoka juu ya ubao. Likapasuka, viazi vikabingirika mpaka kwenye tope. Cheruto alingoja matusi. Hayakuja. Wote wanne waliinama wakaokota.

"Nani atalipa hilo?" alimuuliza Gathogo.

"Sisi sote, madam. Hapa gunia likipasuka hakuna kusema ni la fulani. Kila mtu anaweka mkono, tunagawana. Kwa mtu mmoja ingekuwa mzigo. Kwa wanne haihisiki."

Cheruto alirudia maneno hayo moyoni. Kila mtu anaweka mkono.

"Na hilo jiwe la gurudumu?" aliuliza, kama mtu anayeuliza tu.

"Hilo haligusi mtu ila Waithaka. Hizi lori breki zao ni za kuomba Mungu. Tukimaliza kufunga turubai, yeye ndiye hulitoa."

Siku hiyo hiyo Chesang aliupata mtaimbo wa kukazia kamba chini ya rundo la magunia. Ulikuwa umeoshwa vizuri sana, kuliko chuma kingine chochote cha uwanja ule. Mtaalamu wa maabara alikuta damu kwenye ufa wa kishikio, mahali maji hayakufika. Wanaume wanne wakakamatwa na kuwekwa katika seli tofauti.

Cheruto alianza na Elphas. Aliuweka mtaimbo mezani ndani ya mfuko wa ushahidi, akakaa. Kijana aliutazama, akatazama ukuta, akautazama tena.

"Ulimpiga mara ngapi?"

"Sikumpiga."

"Pigo la tatu lilikuwa la mtu asiyetaka. Daktari ameniambia. Nikikutazama naona ni wewe."

Elphas alisukuma kiti nyuma. "Moja tu," alisema. "Moja tu, afande! Kila mtu moja."

"Nani alisema iwe moja moja?"

"Waithaka. Alisema huyu amemuua Njuguna na serikali imemwachilia, na Njuguna alikuwa wetu. Akasema tufanye kama gunia. Kila mtu aweke mkono, ndio kusikuwe na wa kumtaja mwenzake. Na tukishikwa, tutagawana."

"Mtagawana nini?"

"Kosa."

Chesang, aliyekuwa akirekodi pembeni, aliinua kichwa.

"Endelea," Cheruto alisema.

"Waithaka alimpigia simu, akamwambia tumemsamehe, alete lori asubuhi tumpakilie. Alikuja na mkate, afande. Alituletea mkate! Akaona Kosgei ameshika chuma, akakimbia getini, lakini Waithaka alikuwa ameshafunga, amesimama hapo na mkono kwa komeo. Wakang'ang'ana. Kosgei akampiga. Alipoanguka akawa anarusha miguu. Gathogo akampiga. Halafu wakanipa mimi. Nikasema siwezi, Kosgei akasema nikikataa nitakuwa nimewauza. Nikafunga macho."

"Waithaka hakupiga?"

"Hapana. Alisema yeye ni ndugu ya Njuguna, akipiga itaonekana ni kisasi." Alijifuta kamasi kwa mkono wa sweta. "Afande, vile mimi nilipiga kidogo, yangu itakuwa miaka ngapi? Wakigawa kwa wanne?"

Cheruto alikuwa ameshasikia mengi katika chumba kile. Ameshatukanwa, ametemewa mate, amesomewa Biblia. Lakini swali lile lilimfanya aweke kalamu chini. Kijana alikuwa anauliza kweli. Alikuwa amepiga hesabu yake usiku kucha akaona si mbaya sana.

"Elphas, nisikilize. Kuua hakugawanywi. Mkipanga pamoja na mkatenda pamoja, kila mmoja wenu anabeba gunia zima, peke yake. Ni kifungu cha ishirini na moja cha Kanuni ya Adhabu. Inaitwa nia ya pamoja. Aliyepiga sana, aliyepiga kidogo, na aliyeshika geti, mbele ya sheria ni mamoja."

"Na kama alikuwa ameshakufa nilipompiga?"

"Ulipoushika huo mtaimbo ulijua ni wa nini?"

Elphas aliinamisha kichwa mezani. Kisha akalia kwa sauti, mdomo wazi, mpaka askari wa zamu akachungulia dirishani.

Nyakio, mama yao Waithaka na Njuguna, aliishi kwenye shamba dogo nje ya mji. Cheruto alimkuta jikoni akimenya viazi, redio ikiimba nyimbo za injili. Alikuwa ameshasikia kwamba mwanawe ameshikwa.

"Waithaka hawezi kuua," alisema kabla hajaulizwa. "Na hata kama wameua, huyo dereva aliniulia mtoto. Nimemlaani miezi yote hii, kanisani, mbele ya watu. Sitakuficha, mwanangu."

"Kipkemoi alitaka kuja kukuona, mama?"

Kisu kilisimama. "Alinipigia simu. Nilitaka kukata, akaniambia, 'Mama, nakuja Jumamosi. Hiyo siku si mimi nilirudisha gari nyuma. Nitakueleza uso kwa uso, halafu ukitaka kunilaani, unilaani.'"

"Ulimwambia mtu?"

"Ningemwambia nani? Nilimwambia mtoto wangu tu. Nilimwambia, Waithaka, uwe hapa Jumamosi tusikie huyu mtu anasema nini. Akaniambia..."

Kiazi kilimtoka mkononi kikabingirika chini ya meza.

"Uuui," alisema polepole. "Uuui, Ngai, Mungu wangu. Ni mimi nilimwambia."

Cheruto aliizima redio, akavuta kigoda, akakaa naye. Mama yule alimshika mkono akaubana mpaka ukauma.

Waithaka aliingia chumba cha mahojiano amenyoosha mgongo.

"Mimi sijagusa mtu," alisema. "Uliza hao wote. Watakuambia."

"Wameniambia. Kunja mikono ya shati."

"Ya nini?"

"Kunja."

Alikunja. Kutoka kiwiko hadi kiganja, mkono wa kulia ulikuwa na mikwaruzo mirefu iliyoanza kutunga usaha.

"Hiyo ni magunia," Waithaka alisema.

"Magunia hayana kucha. Chini ya zile zilizobaki kwa Kipkemoi tumetoa ngozi ya mtu. Maabara itasema ni ya nani, lakini mimi na wewe hatuna haja ya kungoja, sivyo?"

"Hata kama ni yangu. Nilishika geti. Kushika geti si kuua."

"Ulimwita wewe. Ulifunga wewe. Aliomba umfungulie, na ulikuwa unamwona usoni."

"Mikono yangu ni safi, madam! Waliopiga unao."

Cheruto alimwacha amalize. Kisha akamwuliza kwa upole, kama anayeuliza habari za nyumbani:

"Waithaka, siku Njuguna alipokufa, jiwe la gurudumu lilitolewa na nani?"

Shingo ile nene ilikakamaa. Alitazama mlango, na kwa muda Chesang alifikiri atajaribu kukimbia, akasogea.

"Mama amekuambia nini?"

"Ameniambia alikuambia Kipkemoi anakuja Jumamosi. Sasa amejua kwa nini hakufika."

Hilo ndilo lililomvunja. Alianza kupumua kwa mdomo, kwa nguvu, kama aliyetoka kubeba.

"Kulikuwa na lori zingine zinangoja nje," alisema. "Kipkemoi alikuwa ndani ya gari, hajawasha injini. Njuguna alikuwa nyuma anakaza turubai. Nilidhani ametoka. Nikapiga hiyo jiwe teke, vile mimi hufanya kila siku." Alijifunika uso. "Nilisikia mifupa yake, afande. Kabla hajapiga nduru, nilisikia mifupa yake kwa ukuta."

"Na Kipkemoi akaona."

"Kwa kioo cha pembeni. Nilimshika miguu. Nikamwambia mama yangu ana ugonjwa wa moyo, akijua ni mimi atakufa. Sema ulirudi nyuma bila kuangalia. Itaandikwa ajali, hutafungwa. Akakubali." Sauti ilikatika. "Alikuwa mtu mzuri."

"Mtu mzuri. Ukamfungia geti."

"Alichoka! Alisema mke wake anaitwa mke wa muuaji. Ati anataka mtoto wake azaliwe bila hiyo jina. Nilimwomba, nikamwomba. Mama angenitazama vipi? Amemlaani mwingine miezi yote na mimi nimekaa hapo kando yake kanisani nikisema amina!"

"Na wenzako? Uliwaambia ukweli?"

Waithaka alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Ningewaambia ukweli, nani angenisaidia?"

Cheruto alimpa taarifa aitie sahihi. Aliisaini kama risiti ya magunia, na jambo hilo lilimkasirisha Cheruto kuliko yote. Akamwambia Chesang awalete wengine watatu.

Waliwekwa mbele ya meza ya zamu, wanne, pingu mikononi, na Cheruto akawasomea. Shtaka moja, majina manne. Mauaji ya kukusudia, kinyume cha Kanuni ya Adhabu, kwa nia ya pamoja. Watapelekwa Mahakama Kuu ya Nakuru.

"Hata Waithaka?" Gathogo aliuliza. "Yeye hakumpiga."

"Hata Waithaka. Na kuna jambo lingine ambalo mna haki ya kulisikia, kwa sababu mtalijibu maisha yenu yote. Kipkemoi hakumuua Njuguna. Jiwe la gurudumu lilitolewa na huyu hapa. Kipkemoi alimbebea kosa ili mama yake asijue. Alikuwa anaenda kusema ukweli, ndipo mkaitwa."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha Kosgei akageuka polepole, akamtazama kiongozi wake.

"Ni uongo," Kosgei alisema. "Waithaka, sema ni uongo."

Waithaka aliangalia sakafu.

Kosgei aliinua mikono yote miwili na pingu zake akamshushia usoni. Pua ilivunjika wakaisikia wote. Alipoanguka akamrukia juu, akampiga tena, chuma kwenye meno, damu ikatapakaa mpaka kwenye viatu vya Chesang. "Ulituambia ni yeye! Ulinipa chuma mkononi ukaniambia ni yeye!" Iliwachukua askari watano kumtoa, na hata walipomburuta seli aliendelea kupiga mateke hewani. Gathogo alikuwa amegeukia ukuta. Elphas alikuwa ameketi chini, katikati ya vurugu zote, anamuuliza kila askari aliyepita:

"Sasa tulimuulia nini? Eh, boss? Tulimuulia nini?"

Cheruto alinawa mikono, akaenda ofisini kwake. Tabby alikuwa ameketi hapo tangu asubuhi, koti la mumewe mapajani. Alikuwa amesikia kelele, na alikuwa amesikia kila neno lililosomwa, maana kituo cha Molo kuta zake ni nyembamba.

"Nipe namba ya baba mkwe," Cheruto alisema.

Aliweka simu mezani, sauti wazi. Ililia kwa muda mrefu.

"Mzee, naitwa Inspekta Cheruto, wa upelelezi Molo. Ni kuhusu mtoto wako Kipkemoi."

"Sina mtoto mwizi," sauti ilisema.

"Ndiyo, mzee. Huna. Hakuiba kitu. Waliomuua wamekiri, wote wanne wako ndani. Walimwita mwizi baada ya kumuua, ili watu waje wafiche kazi yao."

Jogoo aliwika huko upande wa pili.

"Walimuua kwa nini?"

"Alikuwa amebeba kosa la mtu mwingine, mzee. Alilibeba ili mama wa watu asiumie. Alipotaka kulitua, wakamnyamazisha."

Tabby alijiziba mdomo kwa koti. Kisha wakamsikia mzee akipumua, akijaribu kusema na kushindwa.

"Huyo msichana wake," alisema hatimaye. "Mke wake. Yuko wapi?"

"Yuko hapa, anakusikia."

"Mwambie angoje hapo. Asiende mahali. Tunakuja kuwachukua, yeye na bwana yake."

Simu haikukatwa. Walisikia kiti kikisukumwa, mlango ukifunguliwa, hatua za mzee zikikanyaga nje. Kisha wakamsikia akiita uwanjani kwake, kwa sauti ya mtu anayelia bila kujali nani anasikia, akiwaambia wanawe wainuke, walete majembe.